Kioo cha ITO kimetoka tanurini kikiwa na ukinzani mkubwa zaidi: joto limefanya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara mjini na nasimamia klabu ya sayansi. Tunatengeneza seli za jua za rangi, zile zinazotumia maji ya rosela. Tulinunua vioo vya ITO, yaani vioo vyenye utando angavu unaopitisha umeme, vya omu 10 kwa mraba, vipande vya sentimita 2.5 kwa 2.5. Tulipaka oksidi ya titani, tukachoma kwenye tanuri la umeme, hewani, nyuzi 450 kwa nusu saa. Kabla ya kuchoma, multimita ilisoma kama omu 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Baada ya kuchoma inasoma karibu 90, ingawa kioo kinaonekana safi zaidi kuliko mwanzo. Makala nilizosoma zinasema kupasha joto kunaboresha utando wa ITO. Nani anadanganya? Tungepandisha joto polepole zaidi ingesaidia? Vioo hivi vinaweza kurudi hali ya zamani? Na seli zetu zinatoa voltu 0.4 lakini mkondo ni miliampia 0.3 tu juani. Tatizo ni hili la ukinzani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hakuna anayedanganya. Makala zako zinazungumzia utando mbichi, uliotoka tu kwenye mashine ya kupachika. Wewe umechoma utando uliokwisha kuiva kiwandani, tena umeuchoma hewani. Watu wengi wanaoshika vioo hivi huuliza kwanza nyuzi ngapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni utando umetoka wapi na utakuwa ndani ya hewa gani wakati wa moto, kwa sababu nyuzi zile zile 450 zinaweza kuutengeneza utando mmoja na kuuharibu mwingine.

ITO ni oksidi ya indiamu iliyotiwa oksidi ya bati, kwa kawaida uzito wa 90 kwa 10. Oksidi ya indiamu ikiwa safi na imeshiba oksijeni haina elektroni huru za kutosha kubeba umeme. Elektroni hizo huja kwa njia mbili. Kwanza kuna bati: atomi yake hukaa mahali pa atomi ya indiamu, lakini ina elektroni moja zaidi ya zile zinazohitajika pale, na hiyo moja hubaki huru. Pili kuna upungufu wa oksijeni. Kila mahali ambapo atomi ya oksijeni imekosekana ndani ya fuwele, elektroni mbili ambazo ingezishika hubaki zikizunguka. Utando mzuri hukusanya elektroni huru kati ya 10²⁰ na 10²¹ katika kila sentimita ya ujazo. Ni chache ukilinganisha na shaba, lakini zinatosha kubeba umeme, na bado si nyingi kiasi cha kuuzuia mwanga unaoonekana kwa macho.

Wingi wa elektroni ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni wepesi wao wa kutembea. Elektroni hukwama kwenye vurugu za atomi, kwenye mipaka baina ya fuwele, na kwenye uchafu. Ukiona ukinzani umebadilika baada ya moto, jiulize ni kipi kilichobadilika, idadi au wepesi. Mara nyingi ni vyote viwili, na si lazima vielekee upande mmoja.

Sasa chukua utando mbichi. Ukipachikwa juu ya kioo baridi, atomi zake hutua ovyo bila mpangilio wa fuwele, na ukipungukiwa oksijeni mno huwa na rangi ya kahawia. Bati nyingi iliyomo haijapata nafasi ya kufanya kazi. Ukiupasha, karibu na nyuzi 150 fuwele huanza kujipanga. Kufikia nyuzi 200 hadi 300 fuwele zimekua, bati imeingia mahali pake, ukahawia umeondoka, na ukinzani mahususi, yaani ukinzani wa kitu chenyewe bila kujali umbo lake, unaweza kushuka hadi karibu 2×10⁻⁴ omu‑sentimita. Hapo joto limeleta faida pande zote mbili, ya mwanga na ya umeme, na makala zako zinasifia hatua hii kwa haki. Ila mtengenezaji wa vioo vyako alikwisha kuipita, ama kwa kupachika utando juu ya kioo cha moto ama kwa kuupasha baadaye. Omu 10 kwa mraba, kwa utando wa unene wa nanomita 150, maana yake ni ukinzani mahususi wa 1.5×10⁻⁴, na hapo hakuna nafasi kubwa ya kuboresha. Korosho mbichi inahitaji moto ili iliwe. Ile iliyokwisha kukaangwa, ukiirudisha jikoni, utaiunguza.

Kilichotokea tanurini mwako ni kazi ya oksijeni. Moja ya tano ya hewa tunayovuta ni oksijeni, na utando ukipita takriban nyuzi 300 milango yake huwa wazi. Oksijeni huingia, hujaza zile nafasi zilizokuwa wazi, na kila atomi moja inayoingia huchukua elektroni mbili. Nyingine hujibana kando ya atomi za bati na kuzifunga, hivyo bati ipo lakini haitoi elektroni tena. Nyingine hunasa kwenye mipaka ya fuwele, na hapo hata elektroni zilizosalia hupita kwa shida. Ukinzani wa ITO kupanda mara tatu au nne baada ya kuchomwa hewani kwa nyuzi 450 ni jambo la kawaida kabisa. Hamkukosea matumizi ya tanuri. Mlichagua utando usiofaa kwa moto huo.

Na ule usafi uliouona una maelezo yake. Utando ukijaa oksijeni, ukungu wowote wa kahawia uliosalia huisha, na kioo huonekana kimetakata. Zaidi ya pale macho yetu yanapofika, kwenye mwanga wa infraredi, elektroni huru ndizo zinazonyonya na kurudisha mwanga, kwa hiyo zikipungua mwanga huo nao hupita kwa urahisi zaidi. Upande wa pili wa upinde, kwenye urujuanimno, mambo ni kinyume: elektroni zikiwa nyingi husukuma mpaka wa unyonyaji, yaani pale utando unapoanza kumeza mwanga, kuelekea mawimbi mafupi zaidi, na zikipungua mpaka unarudi nyuma. Burstein na Moss walieleza jambo hilo mwaka 1954. Kwa mwenye spektromita, kuhama kwa mpaka huo ni njia nzuri ya kujua kama elektroni zimepotea, bila hata kugusa utando kwa waya. Kwa mwenye macho tu, onyo ni kwamba kioo kinachong'aa zaidi si lazima kiwe elektrodi bora.

Kwa kweli fani yote hii ilizaliwa kwenye mvutano huo huo. Mwaka 1907 Mjerumani Karl Bädeker alipasha hewani tando nyembamba za kadimiamu, metali isiyopitisha mwanga, zikageuka kuwa oksidi. Zikawa angavu, na bado zilipitisha umeme. Oksijeni ilikuwa imeingia kiasi cha kuondoa weusi wa metali, lakini si kiasi cha kumaliza elektroni zote. Kila anayepasha elektrodi angavu tangu hapo anatafuta kiasi hicho cha katikati.

Kuhusu kupandisha joto polepole: fanyeni hivyo, lakini kwa sababu nyingine. Kioo cha kawaida cha soda na chokaa huvunjika kikipashwa au kupozwa ghafla, na utando wenyewe unaweza kupata nyufa kwa kuwa haupanuki sawasawa na kioo kilichoubeba. Nyufa hizo huongeza ukinzani kwa namna ambayo hakuna gesi itakayoirekebisha. Kwa oksijeni, polepole haisaidii kitu. Tena inaweza kuzidisha, kwa sababu kioo kinakaa muda mrefu zaidi kati ya nyuzi 300 na 450 kikiwa hewani, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Msije mkajaribu kukwepa hilo kwa kutoa kioo kikiwa moto, mtaokota vipande. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, acheni mlango umefungwa hadi tanuri lipoe lenyewe. Jambo jingine: msizidi nyuzi 500 na kioo cha aina hii. Karibu na hapo huanza kulegea, na sodiamu iliyomo ndani yake hutembea kuelekea kwenye utando. Ndiyo maana viwanda vingi huweka tabaka jembamba la silika kati ya kioo na ITO.

Vinaweza kurudi? Kwa sehemu, ndiyo. Kwa kuwa oksijeni iliingia kwa moto, inaweza kutolewa kwa moto pia, mradi hewa inayozunguka iwe haina oksijeni. Kwenye maabara kubwa tunapasha ndani ya ombwe, au kwenye nitrojeni iliyotiwa haidrojeni kidogo, asilimia chache tu, kwa nyuzi 300 hadi 400. Ukinzani hushuka, wakati mwingine karibu na ulivyokuwa. Haidrojeni ikizidi na moto ukizidi, oksidi ya indiamu huanza kurudi kuwa metali na utando unakuwa mweusi. Kwa shule sitaki kabisa kusikia haidrojeni na tanuri vikitajwa pamoja. Vilevile msimsikilize atakayewaambia mfukie kioo kwenye unga wa mkaa. Hewa ya oksijeni itapungua kweli, lakini mtapata gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo huua bila harufu. Mkitaka kujaribu kwa ajili ya kujifunza, mafundi wanaochomelea alumini na chuma cha pua hutumia argoni. Gesi hiyo haiwaki, ingawa chumba lazima kiwe na madirisha wazi maana inafukuza hewa ya kupumua. Matanuri mengi madogo hayazibiki vizuri, na oksijeni kidogo inayopenya inatosha kuharibu jaribio, kwa hiyo msitegemee makubwa.

Ushauri wangu ni tofauti: kwa upande unaopakwa oksidi ya titani, acheni ITO na mtumie FTO, yaani oksidi ya bati yenye florini. Wanaotengeneza seli za namna hii, tangu O'Regan na Grätzel walipotoa kazi yao mwaka 1991, wanahitaji moto wa nyuzi 450 hadi 500 ili kuunguza gundi iliyomo kwenye rojo na kuzishikamanisha chembe za oksidi ya titani. Huwezi kukwepa moto huo kirahisi. FTO inauvumilia kwa sababu mbili. Elektroni zake zinatoka hasa kwenye florini iliyokalia mahali pa oksijeni, na florini hiyo haiondoki kwa urahisi kwa joto hilo. Halafu utando wenyewe huundwa kwa mvuke au mnyunyizo juu ya kioo chenye joto la nyuzi 500 na zaidi, kwa hiyo tanuri lenu haliuletei jambo geni. Ubaya wake ni kwamba una uso unaokwaruza kidogo na ukungu kidogo, na kwa ukinzani mahususi haufikii ITO bora. Kwa seli ya rosela hayo hayana uzito. Bei nayo huwa nafuu, kwa kuwa indiamu ni adimu na bati si adimu.

Muuzaji akikupa kioo bila karatasi, kiangalie kwanza pembeni: FTO mara nyingi huwa juu ya kioo kinene cha milimita 2 au 3, ITO juu ya kioo cha milimita 1 hivi. Halafu weka tone la tindikali ya haidrokloriki kali kwenye kona moja, kioo kikiwa na joto kidogo, ukiwa umevaa glovu na miwani. Subiri dakika kadhaa, suuza, pima. ITO itakuwa imeyeyuka na kona haipitishi umeme. FTO itakuwa haijaguswa.

Kuna tando nyingine utakazokutana nazo. Oksidi ya zinki yenye alumini, AZO, ni ya bei rahisi na makala nyingi za vyuo zinaipenda, lakini ikipashwa hewani huharibika vibaya zaidi kuliko ITO, na hata bila tanuri haipendi unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Lindi, nisingeinunua. ITO ya juu ya plastiki nayo ikipita nyuzi 150 hivi plastiki yenyewe itajikunja kabla hujaanza kuuliza maswali ya oksijeni.

Turudi kwenye multimita yako. Niliona tangu mwanzo kwamba ilisoma 25 kwenye kioo cha omu 10. Kipande cha mraba, ukikishika kwa ukingo mzima hadi ukingo mzima, kingesoma 10 hata kiwe kikubwa au kidogo. Ndiyo maana tunasema "kwa mraba". Ncha mbili zenye makali hazishiki ukingo mzima, na pale zinapogusa pana ukinzani wake wa ziada. Kwa hiyo 90 yako pia imebeba nyongeza hiyo, na oksidi ya titani iliyotapakaa pembeni huiongeza. Chukua kioo kimoja kitupu, kichome kama vile vingine, halafu kipime kwa waya nne. Bana vipande vya shaba kwenye kingo mbili zinazotazamana, pitisha miliampia 10 kutoka betri kupitia rezista. Halafu gusa utando katikati kwa ncha za voltimita, zikiwa zimeachana sentimita 1.5 kwenye mstari wa mkondo. Voltimita haivuti mkondo wa maana, hivyo ukinzani wa miguso hauingii kwenye hesabu. Sentimita 1.5 kwa upana wa 2.5 ni mraba 0.6. Tuseme ukisoma voltu 0.21, gawanya kwa ampia 0.010 upate omu 21, kisha gawanya kwa 0.6: omu 35 kwa mraba. Nitashangaa ukipata mbali sana na hapo. Wanafunzi wako watajifunza mengi katika jaribio hilo moja kuliko kwenye seli yenyewe.

Na sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo la maana kuliko yote. Mkondo wenu mdogo hausababishwi na ukinzani huu. Fanya hesabu: miliampia 0.3 ikipita kwenye omu 90 nzima inapoteza voltu 0.027. Seli yenu ina voltu 0.4. Hasara hiyo ni kama asilimia 7 ya voltu, na mkondo unaoupima kwa kuunganisha ncha moja kwa moja hauguswi karibu kabisa. Ukinzani wa elektrodi huuma pale seli inapotoa mkondo mkubwa. Seli kubwa ya miliampia 40 ingelia, yenu hata haijahisi. Hata mngekuwa na FTO ya omu 8 leo, mngepata miliampia 0.3 ile ile.

Ningetafuta kwingine. Oksidi ya titani mmeitoa wapi? Kama ni unga mweupe wa rangi za nyumba, hapo ndipo penye tatizo. Chembe zake ni za nanomita 200 hadi 300, zimetengenezwa hivyo ili zitawanye mwanga, na mara nyingi zimefunikwa kwa alumina au silika. Rangi ya rosela inahitaji chembe za nanomita 20 hivi, kwa sababu inajishika juu ya uso tu, na chembe ndogo zina uso mkubwa mara nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Rosela ikifanyiwa kazi nzuri, kila sentimita ya mraba yaweza kupita miliampia 1 kwenye jua kali.

Kama unga ni sahihi, angalia unyevu. Mkitoa kioo tanurini asubuhi na kukichovya kwenye rosela jioni, hasa kati ya Desemba na Aprili, maji ya hewani yatakuwa yamekwisha kushika nafasi ambazo rangi ilizihitaji. Kichovyeni kikiwa bado na joto la nyuzi 80 hivi, na maji ya rosela yawe machachu. Utando ukitoka una zambarau iliyokolea hata ukitazama kwa nyuma ya kioo, mko njiani. Ukiwa na waridi hafifu, hakuna elektrodi itakayowaokoa.

Vioo vya ITO ambavyo hamjavichoma msivitupe. Upande wa pili wa seli, ule wa kurudisha elektroni kwenye iodini iliyomo katika kimiminika cha katikati ya seli, hauhitaji moto wa 450. Hapo ITO inakaa salama na omu zake 10. Pakeni grafiti juu yake. Ruangwa hapo jirani ina grafiti, na kwa kuanzia hata penseli laini ya 6B inatosha. Vile vilivyochomwa viwe vya majaribio ya waya nne. Ukipata namba zako, niandikie na uniambie pia kioo kilikuwa na unene gani.